Laminati Chumbani, Vigae Jikoni

Mwisho wa mwezi duka la sakafu hujaa watu mpaka mlangoni. Siku hiyo wapagazi walikuwa wanapishana na maboksi mabegani, mashine ya kukatia vigae ilikuwa inalia kule nyuma mpaka meno yanauma, na keshia, msichana wa kucha ndefu na ulimi mrefu kuliko kucha, alikuwa anawaambia watu wapange foleni huku mwenyewe akiangalia simu. Katikati ya vurugu hiyo akaingia mwanamume mrefu, shati la bluu limenyooshwa vizuri kwa pasi, nyusi zake nyeupe. Hazikuwa mvi. Ulikuwa ni unga wa ngano.

"Naulizia sakafu," alimwambia muuzaji aliyekuwa karibu naye.

"Vua viatu," muuzaji akamjibu.

Mwanamume akageuka nyuma kutazama kama anaambiwa mtu mwingine.

Muuzaji mwenyewe alikuwa mwanamke wa gauni la njano chini ya koti la kijivu la duka, kitambaa kimemkaa kichwani vizuri bila madoido. Hakuwa msichana tena, wala hakuwa amefika umri wa kuitwa mama na kila mpita njia. Watu walimwita Vuaviatu, na jina lilikuwa limemganda kwa sababu ya kona yake. Katika kona ile ya duka aliweka benchi, na mbele ya benchi vipande viwili vya sakafu vilivyotandikwa kabisa, kimoja cha vigae, kingine cha laminati. Mteja wake alikaa, akavua, akafumba macho, akasimama kwanza huku, kisha kule. Mwenye duka alipomwona mara ya kwanza alicheka sana. Baadaye akagundua kwamba waliosimama pekupeku hawarudi kulalamika, akamwacha na kona yake.

Alikuwa pia na maswali mawili, na hakuna mteja aliyeondoka bila kuulizwa. La kwanza: nani ataishi humo? La pili: na nani mwingine? Hili la pili alilipenda zaidi. Watu humsahau mtu, alikuwa akimwambia keshia. Kuna mkwe anayekuja kuuguzwa, kuna mtoto yuko tumboni, kuna baba anayetembelea fimbo, na wanamkumbuka wakati fundi keshafungasha vifaa vyake.

Basi yule mwanamume akakaa, akavua. Soksi ya kulia ilikuwa na tundu, na kidole gumba kilikuwa nje kinachungulia. Akajaribu kukifunika kwa mguu wa pili. Vuaviatu akaangalia dari.

"Hiki cha baridi ni nini?" mwanamume aliuliza, macho kayafumba.

"Vigae. Udongo uliochomwa. Mwaga maji, mwaga chai, piga deki mpaka uchoke, havina habari na wewe. Ila kikombe kikikuponyoka, ndiyo basi tena."

"Na hiki?"

"Laminati. Mbao nyembamba zinashikana zenyewe kwa zenyewe, juu zimechapwa sura ya mti. Mguu unaipenda. Ila maji na yenyewe ni maadui."

Alikaa juu ya laminati muda mrefu kuliko wateja wengine. Akaeleza kwamba yeye ni mwoka mikate, na toka ujana wake amesimama kwenye vigae vya kiwandani, hata jioni akikaa anaitazama miguu yake kama ya kuazima. Vuaviatu akamhurumia kidogo, kisha akauliza swali lake. Nani ataishi humo?

Mwanamume akafumbua macho. "Nyumba naijenga mimi," alisema.

"Na nani mwingine?"

Akatabasamu, na unga ukamdondoka kutoka kwenye nyusi. "Hilo bado najifunza."

Hayo hayakuwa majibu. Mtu mwingine angesema hivyo, Vuaviatu angemrudisha kwenye benchi mpaka aseme. Lakini alicheka. Kwa mara ya kwanza aliacha jibu lipite bila kuligeuza upande wa pili, na hapo ndipo mambo yote yalipoanzia. Akampa sampuli mbili, kipande cha kigae na kipande cha laminati, akamwambia aviweke kando ya kitanda, akiamka akanyage mguu mmoja huku na mmoja huku. Mguu mmoja utashinda.

Wiki iliyofuata mwoka mikate akarudi kusema miguu bado inabishana. Akarudi tena, safari hii na mkate wa moto umefungwa kwenye karatasi. Keshia akauliza kwa sauti ya kusikika duka zima ni mteja wa aina gani huyu, anakuja kununua sakafu analeta mkate, na kwa nini hakuna mkate wa keshia. Safari iliyofuata ikaja mikate miwili. Toka hapo keshia akawa upande wake.

Wakapeana namba za simu. Vuaviatu akampachika jina la Hamira, na yeye akamwita kipenzi, kwanza kwa mzaha, kisha bila mzaha. Jioni moja, Vuaviatu akiwa amekaa kibarazani anamenya viazi na shangazi yake, simu iliita na shangazi alijua ni nani kwa jinsi kisu kilivyowekwa chini.

"Leo umeshinda mguu gani?"

"Wa kulia. Wa laminati."

"Jana ulisema wa kushoto."

"Jana nilikuwa sijaisikia sauti yako. Nikikusikia asubuhi, nataka mahali pa joto."

"Wewe Hamira unaumua maneno tu."

Walikutana mchana, watu wakipita, kwenye benchi la nje ya duka la mikate. Mwanamume alimshika mkono tu, na mkono wake ulikuwa wa moto kama ameutoa jikoni sasa hivi. Alimweleza habari za nyumba: bati limeshapigwa, kuta zinapigwa lipu, madirisha yanakuja. Vuaviatu alipoomba kwenda kuiona, alimwambia asubiri, kuna vumbi, ataharibu viatu vyake, atamwonyesha ikiisha.

Shangazi, dada wa baba yake ambaye ndiye aliyemlea, alikuwa mwanamke wa magoti mabovu na masikio mazima. Alimuuliza mara moja tu: "Huyu Hamira wako, nyumba umeiona?"

"Bado inajengwa, shangazi."

"Kwani inajengwa kwa kufichwa?"

Vuaviatu akamwambia aache hizo. Shangazi akaacha, akaendelea na viazi.

Kisha ikaja jioni ile mwoka mikate alipomwambia kwenye simu kwamba amechoka kubishana na miguu yake mwenyewe. "Nichagulie wewe," alisema. "Chagua kana kwamba ni miguu yako itakayokaa humo."

Nani asingeelewa hivyo alivyoelewa? Mtu mzima, mwenye akili zake, anamwambia mwanamke anayemwita kipenzi achague sakafu ya nyumba kwa miguu yake. Vuaviatu akafumba macho kama wateja wake wanavyofumba. Halafu akaanza. Chumbani laminati, rangi ya asali, ili mtu akitoka usingizini baridi lisimshtue. Sebuleni na jikoni vigae, rangi ya maziwa, vina kamstari ka kahawia kembamba, maana watu watakuja, watoto watamwaga, na nyumba yenye watu lazima ipigwe deki. Pale mlangoni sakafu mbili zinapokutana, utepe wa rangi ya shaba, uzishike zote mbili. Akasema hata mahali pa kigoda cha shangazi: karibu na jikoni, asiamke kila mara kufuata maji.

"Endelea, kipenzi," mwoka mikate alisema. "Na dirishani?"

Akaendelea. Akaweka mapazia. Akapanga sufuria. Na alipomaliza simu na kupiga magoti, aliiweka nyumba ile kwenye sala zake, akamwomba Mungu alilinde paa ambalo hajawahi kuliona. Maboksi yakawekwa pembeni stoo, na juu yake yeye mwenyewe akaandika kwa chaki: Hamira.

Jumatatu ndiyo ilikuwa siku yake ya mapumziko. Lakini Jumatatu moja mwenzake wa dukani aliuguliwa na mtoto, akamwomba wabadilishane. Hakumwambia mwoka mikate. Alivaa blauzi mpya ya zambarau chini ya koti la duka, akapanga kwamba akitoka kula mchana atapita duka la mikate amshtue.

Saa za asubuhi alikuwa nyuma ya rafu ndefu ya sampuli, juu ya ngazi, anafuta vumbi. Akaisikia sauti ya mwoka mikate. Moyo ukamruka, na tabasamu lilikuwa limeshafika mdomoni kabla hajachungulia.

Hakuwa peke yake. Pembeni yake alikuwapo mwanamke mzuri, gauni la kijani kibichi, hereni ndefu, mkoba wa ngozi. Mwanamke akaenda moja kwa moja kwenye kona ya Vuaviatu, akakaa kwenye benchi, na bila kuambiwa akavua sendo zake. Alikuwa na miguu mizuri, kucha zimepakwa rangi. Akasimama kwenye vigae, akaruka kama amekanyaga barafu, akahamia kwenye laminati na kuchezesha vidole.

"Hii," alisema. "Hii niwekee chumbani na sebuleni."

"Sebuleni nilikwisha agiza vigae," mwoka mikate alisema taratibu. "Ni vizuri. Vimechaguliwa vizuri."

"Vimechaguliwa na nani? Anayekwenda kukaa humo si mimi? Vigae weka jikoni."

Keshia kule mbele alikuwa ameshaacha simu yake. Akatazama juu ya ngazi, akatazama wale wawili, akainama chini kwenye mashine yake kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha.

Vuaviatu akashuka. Alishika kila kidato cha ngazi kwa mikono miwili. Alipotokea kwenye kona yake, mwoka mikate akageuka rangi ya unga wake mwenyewe. Hapo ndipo Vuaviatu alipojua jambo lililomchoma kuliko hata yule mwanamke: mwanamume alikuwa ameichagua Jumatatu. Alijua kwamba Jumatatu hayupo.

"Karibuni," alisema. "Nawasaidia?"

"Dada," mwoka mikate alianza, "naomba nikueleze—"

Dada. Juzi jioni tu alikuwa kipenzi.

Vuaviatu hakumtazama. Alimtazama mwanamke, akauliza kama alivyouliza wateja wote: "Nani ataishi humo?"

"Mimi na watoto wetu," mwanamke alijibu, na kwenye neno la mwisho alimwelekeza mwoka mikate kwa kidevu.

Swali la pili lilikuwa tayari kwenye ulimi. Na nani mwingine? Miaka yote aliyofanya kazi pale hajapata kuliacha. Siku hiyo aliliacha. Angeliuliza, angejibiwa palepale, na machozi mengi yangebaki yalipo. Lakini nani angeweza kuuliza, amesimama na blauzi yake mpya, akidhani jibu analiona kwa macho?

Akaenda stoo. Akatenga maboksi ya vigae ya jikoni na kuyarudisha ya sebuleni, akaongeza ya laminati. Lile neno aliloliandika kwa chaki alilifuta kwa kiganja. Kisha akarudi akafanya kazi yake. Angeweza kunyamaza kuhusu maji, akaacha mwenye hereni ajionee. Hakunyamaza. Alisema laminati haipigwi deki kwa ndoo, hufutwa kwa kitambaa kilichokamuliwa, na ukutani iachwe nafasi ndogo ya kupumulia chini ya ubao wa pembeni. Mwanamke aliitikia ndiyo, ndiyo, huku anafunga sendo. Mwoka mikate alisimama tu, mikono imening'inia, kama mtu aliyesahau ameingia dukani kufuata nini.

Simu ya Vuaviatu iliita mchana kutwa, ikaita na kesho yake. Hakupokea. Zikaja meseji, akazifuta nyingine kabla hajazisoma. Moja aliisoma: Si kama unavyodhani. Akaikodolea macho mpaka kioo kikazimika, kisha akaandika jibu moja, na lilikuwa hilo tu.

"Uliniita dada."

Toka hapo simu ikawa kimya.

Dukani alifanya kazi kama kawaida ila aliacha kucheka na wateja. Keshia, ambaye hakuwahi kukosa neno, alikosa neno wiki nzima. Mwishowe akamwambia kwamba wanaume wote ni kama ile laminati, juu sura ya mti, ndani vumbi la mbao limeshindiliwa. Alikusudia kumchekesha. Vuaviatu akamjibu kwamba laminati haimdanganyi mtu, kila kitu kimeandikwa kwenye boksi.

Nyumbani hakumweleza shangazi chochote, na shangazi hakuuliza. Lakini asubuhi moja walikuta mkate mlangoni, umefungwa kwenye karatasi, bado una moto. Vuaviatu akataka uende kwa kuku wa jirani. Shangazi akauchukua, akakata kipande kinene, akapaka siagi.

"Mkate haujakukosea kitu," alisema. "Aliyekukosea ni mwokaji. Sasa kaa hapa uniambie."

Akamwambia. Akalia kwenye mapaja ya shangazi kama alivyolia utotoni. Kilichomtoa machozi zaidi hakikuwa yule mwanamke. Ni sufuria. Ni kwamba alizipanga sufuria kwenye nyumba ya mke wa mtu, akaweka hadi kigoda, na mwanamume alikuwa upande wa pili wa simu anasema endelea, kipenzi.

"Mpaka mimi alinihamishia humo?" shangazi aliuliza.

"Karibu na jikoni."

Shangazi akatafuna. "Basi ametutapeli wote wawili," alisema, na Vuaviatu akacheka katikati ya kilio, akachukia kwamba amecheka.

Mvua za kwanza zilikuwa zimepita pale mwanamke wa hereni aliporudi dukani. Safari hii hakuwa na hereni. Alikuwa na kanga ya kazi na uso wa kukasirika, akasema sakafu ya sebuleni imeumuka, imeinuka katikati kama mkate, ukipita inalia. Mwenye duka akasema lazima mtu aende kutazama. Anayekwenda kutazama siku zote ni Vuaviatu. Keshia akajitolea kwenda badala yake, ingawa hajui hata kushika futi ya kupimia. Vuaviatu akavaa koti lake akaenda.

Ilikuwa nyumba nzuri, ndogo, na kuta zake bado zilikuwa zinanuka rangi. Mlangoni akasimama, akatazama chini, maana huo ndio ulikuwa mwenendo wake: kabla hajaitazama nyumba, huvitazama viatu. Palikuwa na sendo za mwanamke. Palikuwa na viatu vya shule vya mtoto na vya mwingine mdogo zaidi, vimechakaa puani. Palikuwa na buti ndogo za mvua, za rangi ya waridi. Kiatu cha mwanamume hakikuwapo. Si kipya wala kikuukuu, si ndara ya bafuni. Hata alama ya vumbi la kiatu kikubwa ukutani haikuwapo.

Akavua vyake, akaingia. Sebuleni aliliona tatizo mara moja: fundi alizibana mbao ukutani bila nafasi, na watoto walipiga deki kwa ndoo. Akamwonyesha mwanamke kwa upole. Mwanamke akakubali kwamba siku ile aliambiwa, na alikuwa hasikilizi. Kisha akamwomba apite jikoni amtolee maji ya kunywa.

Jikoni ndiko vilikokuwa vigae vyake. Rangi ya maziwa, kamstari ka kahawia. Mlangoni utepe wa shaba ulikuwa umekaa sawasawa kama alivyousema kwenye simu. Akasimama pekupeku kwenye sakafu aliyoichagua kwa miguu yake mwenyewe, ndani ya nyumba ya mwanamke mwingine, ameshika glasi ya maji, na baridi likampanda mpaka magotini. Karibu na dirisha kulikuwa na kigoda. Alikuwa amekikalia mtoto wa kike, anachora.

Basi akauliza. Sauti ilitoka ndogo kuliko alivyotaka.

"Na nani mwingine anaishi humu?"

"Mwingine nani? Sisi tu."

"Na baba yao?"

Mwanamke akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Akamwambia mtoto aende akachezee nje. Akavuta kiti, akaeleza bila kuzunguka. Yeye na mwoka mikate waliachana zamani, huyu mdogo akiwa bado anatambaa. Hawakugombania vitu. Aliahidi mbele ya wazee wa pande zote mbili kwamba watoto wake hawatalelewa kwenye nyumba za kupanga, ataijenga nyumba na ataikabidhi, na alijenga kidogo kidogo mpaka juzi akamkabidhi funguo. Yeye mwenyewe anakaa kwenye chumba nyuma ya duka la mikate. "Ni mtu mzuri," alisema, "ila hawezi kusema jambo gumu. Hilo ndilo lililotuachanisha. Unakaa naye mwaka mzima, siku moja ndiyo unasikia kutoka kwa mtu mwingine." Akatazama sakafu. "Wewe ndiye uliyechagua vigae."

"Ndiyo."

"Ningejua nisingevikataa mbele yako. Aliniambia ni mtu wa dukani."

"Nilikuwa mtu wa dukani," Vuaviatu alisema. Akaweka glasi mezani, akaahidi fundi mwingine atakuja kuitandua sebule na kuitandika upya, akaenda kuvaa viatu.

Njiani hakujisikia amepona. Mwanamume yule angekuwa na mke ingekuwa rahisi; angejua anamchukia kwa nini. Sasa mwanamume hakuwa na mke, na bado alimdanganya. Alimwacha ajenge ndani ya kichwa chake nyumba nzima, chumba kwa chumba, huku akijua tangu siku ya benchi kwamba funguo za nyumba ile si zake. Vuaviatu aliomba njiani, midomo ikicheza, si kwamba amrudie, bali apewe maneno machache yasiyo na matusi.

Duka la mikate lilikuwa linafungwa kwa mapumziko ya mchana. Mwoka mikate alikuwa anafagia mbele ya kaunta, aproni nyeupe, nyusi nyeupe. Alipomwona akashika ufagio kama fimbo ya mzee.

"Nimetoka kwenye nyumba yako," Vuaviatu alisema.

"Si yangu."

"Sasa ndiyo unasema."

Akashusha macho. Akasema aliogopa. Siku ya kwanza hakuona haja ya kumweleza muuzaji mambo yake, na siku ya pili alikuwa si muuzaji tena, na kila siku iliyopita neno lilizidi kuwa zito. Mama wa watoto alisikia habari za kona ya kuvua viatu, akataka lazima ajaribu, naye akachagua Jumatatu kama mwoga. "Na nilipenda kukusikia ukiipanga," alisema. "Ulipoipanga ilikuwa yetu. Nikikata simu inakuwa si yetu tena. Basi nilikuwa sitaki kukata."

"Nilikuwa naiombea," Vuaviatu alisema. "Unaelewa? Nimepiga magoti kwa ajili ya bati la watu. Ningelijua ni la wanao ningeliombea vilevile, tena zaidi. Hukunipa hata nafasi ya kuwa mtu mwema. Umenifanya mjinga."

 Mwoka mikate akaegemeza ufagio, akasema hana nyumba ya kumwonyesha, ila ana chumba, na kama atakubali kukitazama akiwa mlangoni tu, akitazame. Hatamficha tena mahali anapolala.

Chumba kilikuwa nyuma, kimepakana na tanuri. Mlango ukaachwa wazi, wapita njia wakiona. Kitanda kimetandikwa, meza, shati la bluu kwenye msumari. Sakafu ilikuwa saruji tupu, imelainika kwa kukanyagwa. Na pale kando ya kitanda, vimewekwa sambamba, vilikuwa vile vipande viwili vya sampuli, kigae na laminati, kila kimoja kimeingia alama ya mguu katikati.

Vuaviatu akavitazama. Kitu kifuani kikataka kulegea, akakizuia.

"Nilikuuliza siku ya kwanza, hukunijibu," alisema. "Jibu leo. Nani anaishi humu?"

"Mimi. Na watoto siku za mapumziko, wanalala hapa kitandani, mimi chini. Na deni la kukuomba msamaha. Hakuna kingine nilichokificha. Kama kipo, nikikikumbuka nitakuambia."

"Na nani mwingine?"

Mwoka mikate akafungua mdomo. Yule wa zamani angetabasamu, angesema jambo tamu. Huyu alisimama tu, unga umemkauka usoni kwa jasho.

"Hilo silijui," alisema. "Natamani uwe wewe. Nakuomba uwe mke wangu, mbele ya shangazi yako na mbele ya Mungu, ukitaka. Lakini jibu la swali hilo liko kwako."

Nje mtu alipiga honi. Vuaviatu akashika fremu ya mlango kwa mkono mmoja, akainama, akavua kiatu kimoja. Cha kulia. Akavuka kizingiti kwa mguu ule mmoja, akauweka kwenye saruji.

Ilikuwa na joto. Joto la tanuri lilikuwa linapita chini ya ukuta na kuenea taratibu, kama mgongo wa mnyama aliyelala. Katika kazi yake yote hajawahi kukanyaga sakafu ya namna hiyo, wala haiuzwi dukani.

Alikaa hivyo, mguu mmoja ndani mtupu, mwingine nje na kiatu chake, mpaka mwanamume akauliza kwa sauti ya chini, "Na cha pili?"

"Cha pili bado," alisema. "Kesho njoo nyumbani umweleze shangazi yote, kuanzia kile kigoda. Ukimaliza, mimi nitajua kama navua."

Akauvuta mguu wake, akaingiza kwenye kiatu, akaufunga mkanda vizuri. Alipofika barabarani alikuwa bado anausikia ule mguu wa kulia. Ulikuwa wa moto. Wa kushoto ulikuwa kama kawaida.